Kibanda cha kuweka nyimbo, mdogo mtu msanii na mama wa kwaya: nani anaumia?

Swali la leo limetoka kwa kijana wa Mbeya. Nimelifupisha kidogo, maneno ni yake:

"Shikamoo mwalimu. Nina kibanda Mwanjelwa, nawawekea watu nyimbo, muvi na sizoni kwenye flashi, memori kadi na simu. Nyimbo kumi mia tano, muvi moja mia tano, sizoni nzima tunaelewana. Nashusha mwenyewe usiku kwa bando, nyingine narushiwa na wenzangu wa Tunduma na Makambako. Mdogo wangu anaimba Bongo Fleva, mama yetu yuko kwaya ya kanisani Uyole. Mdogo wangu ananiita mwizi, anasema watu kama mimi ndio tunaua muziki. Lakini huyohuyo akitoa wimbo ananiletea mimi kwanza nimsambazie. Nimesoma mtandaoni kwamba Wamarekani walifanya utafiti wakakuta kusambaza mafaili hakupunguzi mauzo. Ukweli ni upi, na mimi nifanyeje? La mwisho: mama ana kaseti za kwaya za miaka ya themanini, watu wananiomba niziingize kwenye kompyuta niwauzie. Naruhusiwa?"

Marahaba, mdogo wangu. Nikupe jibu kwanza, maelezo yafuate, maana najua una wateja wanasubiri. Mdogo wako ana haki ya kulalamika, ila amekosea kumtaja anayeumia. Kibanda chako hakimuui yeye. Mtu nyumbani kwenu anayeumizwa zaidi na kazi yako ni mama, na yeye hajasema neno.

Tuuangalie huo utafiti, kwa sababu kila mwenye kibanda siku hizi anaushika kama ngao. Upo kweli. Ni wa Felix Oberholzer-Gee wa Harvard na mwenzake Koleman Strumpf, na ulichapishwa mwaka 2007 katika jarida la uchumi linaloheshimika sana. Walichukua kumbukumbu za watu waliokuwa wakishusha nyimbo mwaka 2002, wakazilinganisha na mauzo ya albamu Marekani wiki kwa wiki. Ugumu wa kazi hiyo ni kwamba wimbo unaopendwa hushushwa sana na pia huuzwa sana, kwa hiyo ukitazama juujuu utadhani kushusha ndiko kunakouza. Wakatafuta kitu kinachoongeza kushusha bila kugusa maduka ya Marekani, wakakipata: likizo za shule za Ujerumani. Wanafunzi wa Kijerumani wakiwa nyumbani, kompyuta zao zinashinda zimewashwa, mafaili yanajaa mtandaoni, na Mmarekani anaupata wimbo kwa urahisi zaidi. Je, wiki hizo mauzo ya Marekani yalishuka? Wao walisema hapana, athari haikutofautiana na sifuri.

Wanaoutaja utafiti huo hawasemi kilichofuata. Stan Liebowitz, mchumi wa Chuo Kikuu cha Texas huko Dallas, aliupinga vikali, na wachumi wengi waliopima kwa njia nyingine walikuta mauzo yalipungua. Wanachobishania ni kiasi tu. Mimi naungana na hao wengi. Napster, mtandao wa watu kupeana nyimbo bure, ilianza mwaka 1999, ikafungwa 2001 kwa nguvu ya mahakama, na papo hapo zikaibuka nyingine. Kwa hesabu za IFPI, umoja wa kampuni za kurekodi duniani, mapato ya muziki uliorekodiwa yalishuka kwa zaidi ya theluthi moja kati ya 1999 na 2014. Yamepanda tena tangu hapo: mwaka 2023 yalifika dola bilioni 28.6, na theluthi mbili yake zilitoka kwenye striming, yaani watu kusikiliza mtandaoni bila kumiliki faili. Ukihesabu na mfumuko wa bei, hata hizo hazijafika zilipokuwa enzi za CD. Kwa hiyo ukimwambia mdogo wako kwamba "utafiti unasema hakuna hasara", unamchukulia utafiti mmoja na kuificha maktaba nzima.

Lakini mauzo kushuka ni jambo moja, muziki kufa ni jambo jingine. Mchumi mwingine, Joel Waldfogel, aliliangalia hili la pili. Alichukua orodha za wahakiki za nyimbo bora za kila kipindi, akachukua pia rekodi za redio na za mauzo kuona nyimbo za mwaka fulani zinaendelea kusikilizwa kwa muda gani. Kama wizi wa mtandaoni ungekuwa umeua ubunifu, nyimbo zilizotoka baada ya Napster zingeonekana hafifu. Hazikuonekana hivyo. Sababu yake huhitaji kwenda kuisoma Marekani, ipo Ilomba na Mabatini: zamani msanii wa Mbeya akitaka kurekodi alipanda basi kwenda Dar es Salaam na akalala kwa ndugu akisubiri zamu ya studio. Leo chumba kimoja kilichobandikwa trei za mayai ukutani, kompyuta moja na maiki moja kinatoa wimbo unaopigwa redioni. Teknolojia ileile iliyomnyang'anya msanii mauzo ndiyo iliyomshushia gharama.

Sasa tuje kaunta kwako. Anakuja dereva wa bajaji na memori kadi yake, anasema "niwekee Singeli za sasa hivi na zile za zamani za mapenzi." Unaichomeka, unafungua folda, yeye anasimama nyuma yako anaelekeza kwa kidole: hiyo, hiyo, hiyo iache, hiyo ninayo. Dakika kumi, mia tano, anaondoka. Je, angekosa kibanda chako, angeenda kununua albamu? Asingeenda. Angesikiliza redio. Huyo si mauzo yaliyopotea, na makampuni ya Marekani yalipokuwa yakitangaza hasara zao, yalikuwa na tabia ya kumhesabu mtu wa aina yake kama mteja aliyeibiwa. Lakini baada yake anakuja mwalimu wa sekondari kutoka Mbalizi, mwenye mshahara, ambaye miaka kumi na tano iliyopita alikuwa akinunua CD halisi dukani, yenye karatasi yake na picha. Huyo naye sasa anaweka flashi mezani kwako. Huyu ndiye hasara ya kweli. Mabishano yote ya wachumi, ukiyavua hesabu, ni mabishano ya wangapi ni dereva wa bajaji na wangapi ni mwalimu.

Na kuna swali la pili ambalo kwetu huku ni zito kuliko la kwanza: mwenye kazi ana nini kingine cha kuuza?

Mdogo wako anacho. Ana shoo. Ana jina ambalo likikua atalipwa kwenda kuimba kumbi za Iringa na Njombe, kutangaza duka la simu, kupanda jukwaani kwenye kampeni. Ana miito ya simu. Kwake wimbo ni tangazo linalojilipia, na tangazo ukilisambaza bure halipungui. Ndiyo maana anakuita mwizi asubuhi na jioni anakuletea faili; hajichanganyi, anajua anachofanya. Wachumi watatu, Mortimer, Nosko na Sorensen, walilipima jambo hili kwa wanamuziki wa Marekani katika chapisho la 2012: kusambazwa kwa mafaili kulipunguza mauzo ya albamu, lakini mapato ya maonyesho ya wasanii wadogo yakaongezeka kwa sababu watu waliwafahamu. Wale wakubwa ambao kila mtu alikuwa anawajua tayari, upande wa maonyesho hawakuguswa kwa kiasi cha kutajwa. Kijana wa Mbeya anayetaka kufika alikofika Rayvanny, ambaye naye ni wa hapahapa Mbeya na mwaka 2017 alirudi na tuzo ya BET, anahitaji kusikika kwanza. Bodaboda na daladala zinazopiga nyimbo ulizoweka wewe ni redio yake ambayo hailipii.

Ila kuna kitu kimebadilika, na hapa mdogo wako ana hoja ambayo pengine hajaisema vizuri. Enzi za CD, nakala ya bure ilimnyima msanii mauzo. Leo inamnyima hesabu. Wimbo ukisikilizwa Boomplay, ambayo huja imewekwa tayari kwenye simu nyingi za Tecno na Infinix, unahesabiwa. Ukishushwa Mdundo, ile iliyoanzia Nairobi na inayogawana na wasanii mapato ya matangazo, unahesabiwa. YouTube haikulipi pesa ya matangazo mpaka uwe na wafuatiliaji 1,000 na saa 4,000 za kutazamwa ndani ya miezi 12, au video zako fupi za Shorts zitazamwe mara milioni 10 ndani ya siku 90. Wimbo ulioko kwenye flashi yako unaweza kupigwa Kyela nzima, na kwenye hesabu hizo zote ukasomeka sifuri. Promota wa Dar anafungua simu, anaona watazamaji mia tatu, anasema "huyu bado." Hajui kwamba Ipinda mjini watoto wanauimba wote. Hapo ndipo kibanda kinapomla mdogo wako, na si kwenye mia tano yako.

Nimesema anayeumia ni mama. Nieleze, maana hapa watu hupita haraka.

Kwaya ya usharika haitozi kiingilio. Inaimba Jumapili bure, inaimba msibani bure, harusini inapewa soda na nauli. Haina shoo ya kuuza. Nakala ya albamu ndiyo bidhaa yake pekee. Na unajua albamu ya kwaya inavyopatikana: michango ya wanakwaya kwa mwaka mzima, sare mbili za kitenge, kukodi Coaster kwenda kurekodi video Daraja la Mungu kule Kiwira au ufukweni Matema, mpigapicha, studio, fundi wa kinanda anayelipwa kwa wimbo. Halafu wanafyatua DVD, wanaziuza nje ya kanisa baada ya ibada. Mtu mmoja ananunua nakala yake halali, kijana wake anaitoa kwenye DVD na kuifanya MP4, anakurushia kwa Xender, ile programu ya simu ya kurushiana mafaili, wewe unaiweka kwenye folda ya "KWAYA MPYA", na wiki mbili baadaye boksi zima la DVD limebaki stoo ya kanisa chini ya viti vya plastiki. Mnunuzi wa pili hakupatikana kwa sababu kila mtu anayo tayari. Na waliokosa kununua si wezi, wengi ni waumini wema ambao wanaamini neno la Mungu haliuzwi.

Matokeo yake kiutamaduni hayaonekani upesi. Kwaya haifi. Inaendelea kuimba kila Jumapili, na wageni watasema muziki wa Mbeya unastawi. Inachofanya ni kuacha kurekodi. Albamu ya tatu inaahirishwa, halafu haizungumzwi tena. Na nyimbo zinazoachwa bila kurekodiwa si zile za Kiswahili zilizofanana na za Dar na Nairobi. Ni zile za Kinyakyusa, Kindali, Kisafwa, Kihehe, Kibena, ambazo soko lake ni dogo tangu mwanzo, watu wachache wanaozielewa na wachache zaidi wenye pesa. Kazi ya soko kubwa inavumilia kuvuja, kwa sababu hata ikivuja nusu inabaki nusu. Kazi ya soko dogo ikivuja kidogo tu hesabu haifungi. Nikiulizwa madhara makubwa ya kusambaza mafaili Nyanda za Juu Kusini ni yapi, nitayataja hayo kabla ya pesa ya msanii yeyote mkubwa.

Filamu ni habari nyingine kidogo. Mwezi Aprili 2017 waigizaji wa Bongo Movie waliandamana Kariakoo kupinga filamu za nje zinazouzwa bila stempu ya TRA, ile iliyowekwa mwaka 2013 kwenye kazi za muziki na filamu. Mitaani wengi waliwacheka: tengenezeni filamu nzuri kwanza. Nilidhani kicheko kile hakikuwa cha haki. Angalia bei yako mwenyewe, muvi moja mia tano, haijalishi imetengenezwa Hollywood kwa mamilioni ya dola, Seoul, au Iringa kwa pesa ya chama cha kuweka na kukopa. Katika biashara ya kawaida bidhaa ndogo ya nyumbani hujitetea kwa bei: viatu vya fundi wa Mashine Tatu haviwi sawa na vya Italia, lakini ni rahisi, kwa hiyo vinauzika. Kwenye kibanda cha muvi silaha hiyo imeondolewa, kwa sababu kitu cha wizi cha thamani kubwa kinauzwa sawa na kitu cha halali cha thamani ndogo. Hakuna mtengenezaji wa Njombe anayeweza kushindana hapo hata awe na kipaji cha namna gani.

Upande wa pili, nisije nikaonekana mtu wa makampuni. Mlango uleule wa nakala zisizo halali ndio uliotupa sanaa nzima: muvi za kutafsiriwa. Marehemu Lufufu alikaa na filamu za Kihindi na za Kichina akaziingizia Kiswahili chake, akaeleza, akatania, akaongeza mambo ambayo hayakuwemo, na watu wa vibanda umiza wakawa wanakuja kumsikiliza yeye zaidi ya kuangalia filamu. Hakuna studio ya nje iliyomwajiri afanye hivyo. Leo bibi wa Tukuyu asiyejua Kiingereza anafuatilia sizoni ya Kikorea mpaka anagombana na wajukuu kuhusu nani alistahili ufalme. Hiyo ni faida ya kitamaduni, na hakuna safu yake kwenye jedwali la hasara za makampuni.

Hata kwa hao wakubwa, ushahidi haujanyooka upande mmoja. Marekani ilipoifunga Megaupload, tovuti ya kuweka na kushusha mafaili, Januari 2012, Brett Danaher na Michael Smith walikuta studio mbili kubwa ziliongeza mapato ya filamu za kidijitali kwa asilimia 6.5 hadi 8.5 hivi. Watafiti wengine watatu, Peukert, Claussen na Kretschmer, wakaangalia kumbi za sinema: zile kubwa kabisa zilinufaika, lakini zile za saizi ya kati mapato yalishuka, na maelezo yao ni kwamba wale waliokuwa wakishusha bure ndio waliokuwa wakiwasimulia wenzao. Mdogo wako angeielewa taarifa hiyo bila kufundishwa.

Kuhusu kwa nini kibanda chako kipo kabisa, jibu langu ni fupi: bando. Wewe huuzi wimbo. Unauza usiku wako wa kukesha, umeme, uchaguzi wako wa kipi kizuri, na zaidi ya yote unauza intaneti kwa rejareja. Umeshusha mara moja, wamekula watu mia mbili. Utafiti mkubwa wa SSRC, taasisi ya Marekani ya utafiti wa sayansi ya jamii, uliotoka 2011 na kugusa Afrika Kusini, Urusi, Brazili, Meksiko, Bolivia na India, ulihitimisha kwamba nakala zisizo halali katika nchi kama zetu ni tatizo la bei kabla ya kuwa tatizo la tabia: bidhaa inauzwa kwa bei ya London kwa mtu mwenye kipato cha Mafinga. Nakubaliana nao kwa vitu vya nje. Kwa DVD ya kwaya ya mama sikubaliani, maana ile bei yake ilikuwa ya Uyole tangu mwanzo.

Na adhabu kubwa haziponyi. Kati ya 2003 na 2008 kampuni za Marekani ziliwashtaki zaidi ya watu 30,000 waliokuwa wakisambaza nyimbo. Mama mmoja wa Minnesota, Jammie Thomas-Rasset, aliishia kuamriwa alipe dola 222,000 kwa nyimbo 24. Kusambaza hakukukoma. Kilichopunguza ni pale huduma halali zilipokuwa rahisi kutumia kuliko wizi.

Lakini usinielewe vibaya juu ya sheria, kwa sababu hapa Tanzania iko na ni kali. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 inampa mtu nafasi, ndani ya mipaka, ya kunakili kazi kwa matumizi yake binafsi. Kuuza si matumizi binafsi. Halafu ipo Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, kifungu cha 24: kukiuka haki za ubunifu kwa kutumia kompyuta bila biashara, faini isiyopungua shilingi milioni tano au kifungo kisichopungua miaka mitatu, kwa biashara, isiyopungua milioni ishirini au miaka mitano, na vyote viwili vinawezekana kwa pamoja. Kibanda chenye bango na bei imeandikwa kwa maka ni biashara. Hakuna wakili atakayelibishia hilo.

Sasa ufanyeje.

Folda ya kwaya ishughulikie wiki hii. Nenda kwa mwenyekiti wa kwaya ya mama, na za jirani, uwaambie waziwazi kwamba nyimbo zao ziko kwako na unataka kuziuza kwa ruhusa. Pendekeza mgawanyo: katika kila nakala, sehemu kubwa yao, sehemu yako ya kazi na umeme, na daftari la mauzo mnalolikagua pamoja kila mwezi. Msipatane kwa mdomo. Andikeni, wasaini viongozi wawili, shahidi awe mtu asiye ndugu. Ukiwa na kwaya tano namna hiyo una bidhaa ambayo kibanda cha jirani hakina haki ya kuiuza, na hapo utashangaa jinsi utakavyoanza kuchukia wizi.

Na uwape ushauri huu juu yake, utawasaidia kuliko pesa yako. Siku ya uzinduzi, mgeni rasmi haji kununua nyimbo. Anakuja kuonekana anatoa. Nakala ya kwanza inanadiwa mpaka laki kadhaa na kanisa zima linapiga vigelegele. Hayo ndiyo mauzo ambayo Xender haiwezi kuyagusa. Badala ya kufyatua DVD elfu moja ambazo nyumba nyingi hazina tena pa kuzichezea, wafyatue chache, wanunue flashi zenye jina la kwaya na picha yao wakiwa na sare, na nguvu yote waiweke kwenye siku ile moja. Baada ya hapo waziweke nyimbo YouTube wenyewe, kwa jina lao, kabla hujaziweka wewe wala mtu mwingine yeyote.

Mdogo wako endelea kumsambazia, ila badilisha utaratibu. Wimbo utoke kwanza Boomplay, Mdundo na YouTube, upite siku kadhaa, ndipo uje kibandani. Kwenye jina la faili, mbele ya wimbo, liwepo jina lake la kisanii na namba ya kuchukulia shoo. Mwambie asajili kazi zake COSOTA, ofisi ya hakimiliki ya Tanzania. Haki huzaliwa kazi inapokamilika, lakini usajili ni ushahidi siku ya ugomvi. Na mteja anayeusifia wimbo wake mwambie auangalie pia YouTube akipata bando. Inaonekana kitu kidogo. Kwa msanii wa saa 4,000 si kidogo.

Muvi na sizoni za nje sina njia ya kukuhalalishia. Hollywood haitakuja Mwanjelwa, lakini askari anaweza, na akija hataanza kukuuliza kuhusu likizo za shule za Ujerumani. Anza kuzipunguza kadiri upande wa halali unavyokua: kuprinti, kuwasaidia wasanii wadogo kupandisha kazi zao mtandaoni, kuwajazia fomu za maombi wanafunzi wanaotaka kuingia MUST, chuo kikuu cha sayansi na teknolojia cha hapa Mbeya, na vyuo vingine. Kompyuta ni ileile.

Kaseti za mama. Kuziingiza kwenye kompyuta, fanya, na usichelewe, kwa sababu utepe wa miaka arobaini unaanza kuachia unga wake na kila ukipigwa unapungua. Kuziuza ni mpaka ruhusa ipatikane. Kwa kawaida ulinzi hudumu maisha ya mtunzi na miaka 50 baada ya kifo chake, kwa hiyo karibu zote hizo bado zina wenyewe: watunzi, familia zao, na kwaya au kanisa lililorekodi. Muulize mama nani alitunga upi na uandike kwenye daftari sasa hivi akiwa anakumbuka, maana makaratasi ya kaseti hizo mara nyingi yanataja kwaya tu. Kabla ya kupiga kila kaseti ipeleke mbele hadi mwisho na uirudishe nyuma mara moja ili utepe ulegee, safisha kichwa cha redio kwa pamba na spiriti, rekodi kwa WAV, faili lisilobanwa, na si MP3, na uweke nakala mbili sehemu mbili tofauti, moja isiwe kibandani. MP3 za kuuza utazitoa humo siku wenyewe wakikubali.